Kiswahili si cha kusindikiza watu mlangoni: namna ya kuchagua nyimbo za kundi la jazi lenye mwimbaji

Katika makala haya ninaeleza jinsi tulivyochagua nyimbo kumi za kundi la jazi la wanafunzi hapa Lubumbashi, kosa tulilofanya mwanzoni na vipimo tulivyovitumia kulirekebisha. Mimi si mpigaji hodari. Ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na kundi liliniita kwa kazi ndogo tu ya kusahihisha matamshi ya mwimbaji. Lakini orodha ya nyimbo iliniweka mbele ya swali ambalo katika fakulte yetu tunalijadili kila mwaka bila kulimaliza: kila lugha inapewa kazi gani, na nani anaamua?

1. Orodha ya kwanza

Kundi lina watu sita: gita, besi, piano, ngoma, saksofoni na dada anayeimba. Lilikuwa limeombwa kupiga kwa saa moja katika jioni ya kufunga mwaka wa masomo. Saa moja ya jazi ni nyimbo kumi hivi, kwa sababu kila wimbo una nafasi ya wapigaji kujitungia papo hapo, na nafasi hizo hula dakika. Mpigaji gita alileta orodha. Alikuwa ameifanyia kazi, na aliisoma kwa fahari: nyimbo sita za Kiingereza, mmoja wa Kihispania (“Bésame mucho” wa Consuelo Velázquez wa Meksiko), mmoja wa Kifaransa (“La Vie en rose”), mmoja wa Kilingala (“Indépendance Cha Cha”) na mmoja wa Kiswahili (“Sina Makosa” wa Les Wanyika wa Nairobi). Huo wa Kiswahili ulikuwa namba kumi, wa kuchezesha watu.

“Mnaona? Lugha tano,” alisema. “Nani atatuambia orodha haina mchanganyiko?”

Dada mwimbaji alinyamaza muda kidogo, kisha akaniuliza mimi, ingawa orodha haikuwa yangu: “Yaya, juu ya nini Kiswahili munaiweka tu ku mwisho? Kiswahili ni ya kusindikiza bantu ku mulango?”

Wote tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Kihispania, ambacho hakuna hata mmoja wetu anayekisema, kilikuwa kimepata nafasi sawa na Kiswahili, lugha ambayo sote tuliitumia kubishana juu ya orodha yenyewe. Tena wimbo wa Kihispania ulikuwa umewekwa katikati, mahali ambapo watu wameketi na wanasikiliza. Wa Kiswahili ulikuwa umewekwa pale watu wanaposimama kutafuta usafiri.

2. Mchanganyiko wa majina na mchanganyiko wa kweli

Kabla ya kugusa lugha, tulipaswa kukubali kwamba hata kwa muziki peke yake orodha ile haikuwa na mchanganyiko. Ilikuwa na “Summertime” wa George Gershwin, kutoka opera ya mwaka 1935, “Autumn Leaves” na “Bésame mucho”, vikifuatana. Kwa karatasi hizo ni nchi tatu: Marekani, Ufaransa na Meksiko. Kwa masikio ni jambo moja mara tatu, kwa sababu nyimbo zote ziko katika mineri, ile sauti inayosikika ya huzuni, na kundi lilizipiga zote kwa mwendo wa wastani. Msikilizaji asiyejua majina angedhani tumekwama.

Basi nilipendekeza tufanye kama tunavyofanya darasani tunapochambua fonimu. Hatuulizi sauti fulani inaitwaje. Tunauliza inatofautiana na jirani yake kwa sifa gani. Tulichora jedwali ubaoni na kuupa kila wimbo sifa sita:

Mwendo: wa polepole, wa wastani, wa haraka.
Mapigo: manne, matatu, au ya ngoma za Karibi na rumba.
Rangi: majeri au mineri.
Umbo: bluzi ya hatua kumi na mbili, wimbo wa hatua thelathini na mbili, au umbo jingine.
Wapigaji: kundi zima, watu wawili, bila mwimbaji.
Lugha, na kazi ambayo lugha hiyo inafanya katika wimbo.

Kanuni ikawa rahisi: nyimbo mbili zinazofuatana zitofautiane kwa sifa tatu angalau. Kanuni hii haihitaji mtaalamu. Mtu yeyote anayepanga nyimbo za kwaya au za arusi anaweza kuitumia kwa kalamu na karatasi. Kwa kanuni hiyo “Bésame mucho” uliondoka mara moja, na mpigaji gita mwenyewe ndiye aliyeufuta.

3. Kuanza na koo la mwimbaji

Kundi lenye mwimbaji haliwezi kuchagua nyimbo kama kundi la ala tupu. Vitabu vingi vya nyimbo za jazi vimeandikwa kwa ajili ya wapigaji, na noti ya mwanzo iliyowekwa humo ni ile inayofaa vidole. Koo halina habari na vidole.

“Autumn Leaves” mara nyingi huandikwa katika sol mineri. Dada alipouimba hapo, noti za juu aliweza kuzifikia, lakini alizifikia kwa kupiga kelele, na wimbo ule si wa kelele. Tulipima kwanza noti yake ya chini kabisa na ya juu kabisa anazoimba bila kujilazimisha, kisha tukatafuta noti ya chini na ya juu ya wimbo, tukaushusha hadi re mineri. Mpigaji saksofoni alinung'unika, maana ilimbidi ajifunze vidole upya. Wiki ya pili alinyamaza, kwa sababu maneno yalikuwa yamesikika.

Jambo la pili ni pumziko. Nyimbo kumi mfululizo ni kazi ya kuvunja sauti, hasa usiku wa Juni hapa kwetu ambapo hewa ni kavu na ya baridi. Tulikubaliana nyimbo tatu zipigwe bila yeye, na zisiwekwe pamoja bali zigawanywe: mwanzo, katikati na kuelekea mwisho.

4. Silabi zinavyobeba wimbo

Hapa ndipo somo letu la isimu lilipoingia, na hapa ndipo nami nilipokosea.

Mpigaji piano alisema jambo ambalo wengi hulisema: Kiswahili kinafaa kucheza, lakini kwa wimbo wa polepole, wa ndani, “hakishiki”. Nilikataa kwa nadharia. Katika Kiswahili karibu kila silabi ni wazi, yaani inaishia kwa irabu. Mwimbaji anapotaka kuivuta noti ndefu, anahitaji irabu, na Kiswahili kinampa irabu mwishoni mwa kila neno la asili. Kiingereza kinamfungia mdomo kwa konsonanti mara kwa mara. Na kama nadharia haitoshi, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na taarabu ni sanaa ya watu walioketi na kusikiliza neno kwa neno. Anayesema Kiswahili hakishiki polepole hajasikiliza pwani.

Nikiwa na kiburi hicho, nikaahidi kutafsiri “Summertime” kwa Kiswahili. Nilishindwa kwenye neno la kwanza, na inafaa nieleze kwa nini, maana kushindwa huko kulinifundisha zaidi kuliko nadharia.

Neno la Kiingereza lina silabi tatu, na muziki unaipa silabi ya mwisho noti ndefu. Kiswahili kinasema “kiangazi”: silabi nne kwa noti tatu, na mkazo uko kwenye “nga”, silabi ya pili kutoka mwisho. Nilipolilazimisha, noti ndefu iliangukia “zi”, silabi isiyo na mkazo, na dada akasikika kama mtu anayejifunza kusoma. Mkazo wa Kiswahili hauchezewi ovyo. Tunajua wote tofauti ya barabara ya magari, yenye mkazo kwenye “ba” ya pili, na kufanya jambo barabara, wenye mkazo kwenye “ra” ya kwanza. Muziki unaoupeleka mkazo mahali pengine unampa msikilizaji neno jingine, au haumpi neno lolote.

Kosa la pili lilikuwa la maana. Katika wimbo ule majira ya joto ni wakati wa raha. Lakini sema “kiangazi” mbele ya watu wa Lubumbashi: watafikiria vumbi, nyasi zilizokauka na asubuhi za Julai ambapo mtu anatoka na koti zito. Neno lilikuwa sahihi katika kamusi na la uongo katika mji.

Basi tuliuacha “Summertime” katika Kiingereza chake, na mimi nikaandika kanuni ya pili: kutafsiri wimbo ni njia ya mwisho, kwanza tafuta wimbo uliozaliwa katika lugha unayoitaka. Kanuni hiyo ilitupa zawadi ambayo hatukuitarajia. “Autumn Leaves” wenyewe ni tafsiri. Ulizaliwa kwa Kifaransa kwa jina “Les Feuilles mortes”, muziki wa Joseph Kosma na maneno ya Jacques Prévert. Maneno ya Kiingereza ya Johnny Mercer yalikuja baadaye. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tangu shule tulikuwa tukihangaika kuuimba kwa lugha ya mkopo. Tuliurudisha kwao, na “La Vie en rose” ukaondoka ili Kifaransa kisirudiwe bila sababu.

5. Kilingala na toni

Kilingala kina shida nyingine, kwa sababu ni lugha ya toni, na Kiswahili si lugha ya toni. “Moto” kwa toni mbili za chini ni mtu. “Motó”, ya pili ikipanda, ni kichwa. “Kokoma” ni kuandika. “Kokóma” ni kufika. Muziki ukipanda pale neno linaposhuka, kuna hatari. Mara nyingi muktadha huokoa, na waimbaji wa Kinshasa hawaishi kwa kuhesabu toni. Lakini dada yetu amelelewa kwa Kiswahili, na jazi inamruhusu kuibadilisha sauti ya wimbo papo hapo. Tulikubaliana apambe mwishoni mwa mistari, katika silabi zisizo na neno la maana, na ndani ya mistari afuate njia ya Joseph Kabasele alivyoiimba.

Niongeze kwamba wimbo wa Kabasele haukuingia kama mgeni. Kundi lake liliitwa African Jazz, lile la Franco likaitwa OK Jazz, na huko Tanzania kulikuwa na Morogoro Jazz na Western Jazz. Katika masikio ya wazee wetu neno “jazi” lilimaanisha bendi ya magita na tarumbeta inayochezesha watu. Kundi la jazi la Kongo linaloona haya kupiga rumba linaona haya jina lake lenyewe.

6. Kiswahili kipi?

Tuliporudi kwenye swali la dada, tuliona kwamba Kiswahili kilihitaji nyimbo tatu za aina tatu: mmoja wa kuchezesha, mmoja wa kusimulia na mmoja wa polepole kabisa.

Wa kuchezesha tulikuwa nao. Wa kusimulia tuliupata nyumbani: “Masanga” wa Mwenda Jean-Bosco, uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Mtu mmoja na gita moja. Hatukuuongezea besi wala ngoma. Mpigaji gita na dada walibaki wawili, wengine wakashuka jukwaani. Mpigaji gita, yule yule aliyeleta orodha ya kwanza, alitumia majuma matatu kujifunza vidole vya Mwenda, na aliniambia kwamba ni vigumu kuliko vitu vyote vya kitabu chake cha jazi.

Wa polepole ulitugawa. Wengi walitaja “Malaika”, uliovumishwa na Fadhili William wa Kenya na kupelekwa duniani na Miriam Makeba. Ni wimbo mzuri, lakini kila mtu ameshausikia hotelini, na mtu anayesikia kitu alichokizoea husikiliza nusu. Ndipo dada akasema ana wimbo wake. Aliutunga juu ya mama anayemngoja mwanawe aliyekwenda Kolwezi kuchimba. Ulikuwa katika Kiswahili cha Lubumbashi.

Asistenti mmoja aliyekuja kwenye mazoezi aliusikiliza mpaka mwisho, akausifu, kisha akaomba usahihishwe: “mutoto” iwe “mtoto”, “bantu” iwe “watu”, “katoto” iondoke kabisa. Hoja yake haikuwa ya dharau. Alisema: tunafundisha Kiswahili sanifu, Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba, tukikipandisha jukwaani, tukipandishe kikiwa kimevaa vizuri. Wageni wa kutoka nchi nyingine wasituhesabu kama watu wasiojua lugha.

Dada alijaribu. Nilikuwepo, na niliandika nilichokisikia. Katika “mtoto” silabi ya kwanza ni “m” peke yake. Kwenye noti ndefu, mdomo umefungwa, na sauti inabaki puani. Katika “mutoto” kuna irabu, na sauti inatoka. Hiyo ni fonetiki, si mapenzi. Lakini “katoto” ni zaidi ya fonetiki. Kiambishi “ka-” cha kupunguza, tunachokishiriki na Kiluba na Kibemba, ndicho sauti ya mama huyo. Ukisema “mtoto wangu” umetaja uhusiano. Ukisema “katoto kangu” umemshika kichwa.

Nilimjibu asistenti kwa heshima kwamba sanifu ina kazi yake, na makala haya yenyewe nimeyaandika kwa sanifu. Lakini mama anayemngoja mwanawe aliyekwenda machimboni hangojei kwa sanifu. Hakukubali. Hata leo hajakubali, na ameniomba niandike hivyo. Ninaandika hivyo.

7. Orodha ya mwisho

Hii ndiyo iliyopigwa:

1. “C Jam Blues” wa Duke Ellington. Bila mwimbaji, haraka, bluzi. Sauti yake kuu ni noti mbili tu. Watu wanaingia na kuketi bila kukosa kitu.
2. “Les Feuilles mortes”. Kifaransa, wastani, mineri.
3. “All of Me” wa mwaka 1931. Kiingereza, majeri, mwendo wa kuchangamka.
4. “My Favorite Things”. Bila mwimbaji, mapigo matatu, kwa kufuata njia aliyoifungua John Coltrane mwaka 1960.
5. Wimbo wa dada. Kiswahili cha Lubumbashi, polepole kabisa, majeri.
6. “Indépendance Cha Cha” wa mwaka 1960. Kilingala, cha-cha.
7. “Masanga”. Kiswahili, sauti na gita moja.
8. “St. Thomas” wa Sonny Rollins. Bila mwimbaji, haraka, mapigo ya Karibi.
9. “Summertime”. Kiingereza, polepole, mineri.
10. “Sina Makosa”. Kiswahili, rumba, kila mtu asimame.

Msomaji ataona kwamba namba kumi haikubadilika. Kucheza si aibu, na wimbo ule ni wa kufungia kweli. Kilichobadilika ni kwamba sasa, unapofika, Kiswahili kimeshasikilizwa mara mbili na watu walioketi.

Jioni yenyewe haikuwa kamilifu. Kipaza sauti cha piano kilikatika katika namba tatu, na namba nane ilikwenda haraka kupita kiasi. Katika namba tano, kwenye ubeti wa pili, nilisikia wale wa safu za nyuma wakiacha kuongea. Makofi yalichelewa kidogo, na mpigaji piano alinitazama. Hakusema neno juu ya kushika au kutoshika.

Kesho yake mwalimu wetu wa fasihi aliomba maneno ya wimbo ule kwa ajili ya darasa. Dada alimpa, lakini aliuliza kwanza kama yatasahihishwa.

Kundi linaandaa orodha ya mwaka ujao. Jedwali letu linaonyesha pengo: hatuna wimbo hata mmoja wa Kibemba, ingawa wawili kati ya wapigaji wetu hukisema nyumbani, wala wa Kiluba. Anayejua wimbo wa polepole katika lugha hizo, ulioimbwa na bibi yake au na mtu mwingine, atuletee kabla ya mazoezi kuanza. Nitauchunguza toni zake kwanza, na safari hii sitaahidi kutafsiri.